Laki Tano kwa Simu ya MP 108? Dada wa Kanazi, Subiri Kwanza Tupige Hesabu

Wiki hii inboksi imejaa maswali ya kamera, sijui upepo umetokea wapi. Moja nimeona nilijibu hapahapa mbele ya wote, maana aliyeuliza tayari ana pesa mkononi, Jumatatu anataka kwenda dukani, na najua wengi wenu mko njia moja naye.

Ni dada yetu wa Kanazi, kule Ngara, mkoani Kagera. Anauza vikapu vya kusuka, asali ya chupa na vitenge. Anaposti Facebook na WhatsApp, wateja wako Ngara mjini, Kahama na Mwanza, mzigo unapanda basi. Simu aliyonayo ina kamera ya MP 13. Sasa amechukua mkopo wa laki tano kwenye kikoba chao, rejesho linaanza mwezi ujao, na muuza simu amemwambia MP 13 ni mambo ya kale: achukue simu ya MP 108, au kama yuko siriasi atafute kamera kabisa, ile ya kuning'iniza shingoni. Ameniandikia: "Kaka admini, nichukue ipi? Picha zangu mbaya, watu wanapita tu, hata bei hawaulizi."

Dada yangu, jibu langu ni kwamba Jumatatu usinunue yoyote. Najua sio jibu ulilotaka. Ila kaa hapa tupige hesabu pamoja, halafu ukiona nimekosea, pesa ni yako na duka halihami.

Tuanze na hiyo MP yenyewe. MP ni megapikseli, yaani nukta milioni moja. Picha yako ni nukta ndogondogo zilizopangwa kama miraba ya ukili kwenye mkeka. Ukichukua nukta za upana ukazidisha kwa nukta za urefu unapata jumla. Simu ya MP 13 mara nyingi inatoa picha ya nukta 4,160 kwa 3,120. Zidisha, unapata karibu milioni 13. Hakuna uchawi mwingine hapo. MP haikwambii picha ina mwanga, haikwambii rangi ni za kweli, haikwambii kama imetulia au imetetemeka. Inakwambia idadi ya nukta, basi.

Na hapa ndipo wauzaji wanapotupiga bao, kwa sababu sisi tukisikia 108 dhidi ya 13 tunaona mara nane. Fikiria shamba. Ekari moja ni hatua 70 kwa 70, hilo kila mtu kijijini analijua. Ukiongeza kila upande mara mbili, ukapata 140 kwa 140, hujapata ekari mbili, umepata ekari nne. Picha nayo iko vilevile. Ili uone undani mara mbili unahitaji MP mara nne. Kwa hiyo kutoka MP 12 kwenda 16, ambako watu wanalipia hela nzuri tu, nukta za upande mmoja zimeongezeka asilimia 15 hivi. Jicho lako halitaiona. Hata kutoka 13 kwenda 108 yenyewe, upande haujafika hata mara tatu. Na hiyo ni kama zile 108 zinatumika, jambo ambalo nitakuja kulisema kwa sababu lina vituko.

Lakini swali la msingi zaidi ni hili: mteja wako anaiona wapi picha?

Anaiona kwenye simu yake. Yuko Mwanza, yuko kwenye daladala, anaskroli kwa kidole gumba. Simu nyingi za bei ya kawaida zina kioo cha nukta 720 kwa 1,600. Zidisha: ni MP 1.2 hivi. Simu nzuri kidogo yenye kioo cha 1,080 kwa 1,920, hiyo ni MP 2 na chenji kidogo. Rudia kusoma hapo. Kioo kizima cha mteja wako kina uwezo wa kuonyesha MP 2 kwa wakati mmoja. Ukimpelekea 13 au ukimpelekea 108, kioo chake kitaonyesha zilezile 2.

Na kabla haijafika kwake, mitandao imeshaikata. Instagram picha ya mraba inaonyeshwa kwa upana wa nukta 1,080, hiyo ni MP 1.2. WhatsApp ukituma kawaida, picha inapunguzwa, upande mrefu unabaki kwenye nukta 1,600 hivi, yaani MP 2 hata hazijatimia. Tangu Agosti 2023 kuna kitufe cha HD kinachoruhusu picha kubwa zaidi, ni kizuri, kitumie mteja akiomba kuona kwa karibu. Ila Status na magrupu watu wanaangalia ile ya kawaida. Video nazo usiogope: video ya TikTok ya 1,080 kwa 1,920, kila fremu yake ni MP 2. Watu wanauza mzigo wa mamilioni kwa MP 2 kila siku.

Hata huko kwa wakubwa, Amazon, mnunuzi anaweza kuikuza picha ya bidhaa ikiwa upande wake mrefu umefika nukta 1,000. Elfu moja. Simu yako ya sasa ina zaidi ya elfu nne.

Kwa hiyo dada, kwa kazi ya kuposti, simu yako ina nukta mara sita ya zinazomfikia mteja. Tatizo lako haliko kwenye nukta.

Nasikia mtu anasema, "Sawa admini, lakini mimi nataka na kuchapisha." Haya, twende huko. Kwenye kuchapisha wanapima nukta kwa inchi, na kitu cha kushika mkononi kinataka nukta 300 kwa inchi ili kitoke safi. Picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6 inataka 1,200 kwa 1,800: MP 2.2. Lebo ya chupa ya asali, tuseme sentimita 6 kwa 8, haifiki hata MP 1. Picha ya paspoti, ya milimita 35 kwa 45, ni nukta 413 kwa 531, yaani robo ya MP na haitimii! Mwenye studio ya paspoti anayekwambia amenunua kamera mpya kwa sababu ya MP, muulize vizuri. Karatasi nzima ya A4, ya kushika mkononi na kuchunguza, inataka MP 8.7. Bado simu yako inaiweza.

Bango je? Bango la kuning'iniza mbele ya kibanda mtu analiona akiwa ng'ambo ya barabara, kwa hiyo halihitaji nukta 300 kwa inchi. Kwa 72 kwa inchi linatosha kabisa. Bango la mita 1 kwa mita 1.5 kwa kipimo hicho linataka nukta 2,835 kwa 4,252. Nimezidisha mara mbili nisije nikawadanganya: ni MP 12. Yaani simu ya MP 13 inakutolea picha ya kujaza bango zima mbele ya duka. Anayekwambia haiwezekani labda hataki kukaa kwenye kompyuta kukupangia.

Sasa tuje kwenye vile vituko nilivyosema.

Simu nyingi zilizoandikwa 48, 50, 64 au 108, ukipiga picha kawaida hazikupi idadi hiyo. Ndani ya simu kuna kipande kidogo kinachopokea mwanga, kidogo kuliko ukucha. Ukikijaza nukta milioni 108, kila nukta inakuwa ndogo mno, inapata mwanga kiduchu, na picha inajaa chengachenga. Waliotengeneza wanalijua hilo. Kwa hiyo simu yenyewe inaziunganisha: ile ya 48 inaunganisha nukta nne kuwa moja, unapata picha ya MP 12. Ile ya 108 inaunganisha tisa kuwa moja. Gawanya 108 kwa 9. Kumi na mbili! Ile ya 200 inaunganisha kumi na sita, unapata 12 na nusu. Kumbe wote tunarudi kwenye mtaa mmoja. Kuunganisha huko sio utapeli, kunasaidia kweli wakati mwanga ni hafifu, ila jua unacholipia: umelipia tangazo la 108, mkononi umepata 12.

Unaweza kulazimisha simu itoe 108 zote, kuna sehemu ya kubonyeza. Jaribu siku moja uone faili linavyokuwa. Picha ya MP 12 au 13 mara nyingi ina MB 3 hadi 5. Ya 108 inaweza kupita MB 20. Piga vikapu thelathini hivyo, simu imejaa, bando limekwisha, na ukiposti mtandao unaikata kuwa MP 2 kama ya jirani yako.

Hilo la kwanza. La pili ni baya zaidi, na hili ni la kuchunga sana: kuna vikamera vidogo vya bei chee, havina jina la maana, vimeandikwa 48MP kwa herufi kubwa kwenye boksi. Ndani kipokea mwanga ni cha MP chache tu, halafu programu inaivuta picha ifike 48, kama mtu anayeongeza maji kwenye uji ili sufuria ijae. Nukta zimeongezeka, kilichoonekana hakijaongezeka. Ukiikuza picha utaona kila kitu kimepakwapakwa kama rangi ya maji. Hiyo laki mbili au tatu imeondoka na wala hurudishiwi.

Na kwenye simu za kamera tatu nyuma, angalia vizuri. Mara nyingi moja tu ndiyo kamera ya kazi. Zile nyingine zilizoandikwa 2MP, eti ya makro, eti ya kina, kwa maoni yangu zipo ili mgongo wa simu uonekane umejaa. Usihesabu kamera.

Mtu akibisha kwamba MP nyingi ndiyo ubora, mwambie hii. Kuanzia iPhone 6s ya mwaka 2015 hadi iPhone 14 ya kawaida ya mwaka 2022, kamera kuu ilibaki MP 12. Miaka saba. Na picha ziliboreka kila mara, kwa sababu waliboresha lenzi, kipokea mwanga na programu ya kuchakata picha. Sony nao walitoa kamera ya a7S III mwaka 2020, kamera ya watu wa video wenye hela zao, ina MP 12. Hiyo sio kamera ya maskini. Walichagua nukta chache kusudi kila moja ipate mwanga wa kutosha gizani. Na kamera ya kwanza kabisa ya kidijitali, aliyoiunda Steven Sasson kule Kodak mwaka 1975, ilikuwa na nukta 100 kwa 100, nyeusi na nyeupe, na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Tumetoka mbali, lakini tulishafika kwenye kutosha zamani kidogo. Kinachoendelea sasa ni biashara ya namba, kwa sababu namba moja kubwa ni rahisi kuandika kwenye boksi, na "lenzi nzuri" haiandikiki.

Haya, mbona basi picha za dada ni mbaya?

Nimeziangalia tatu alizonitumia. Kikapu kimepigwa ndani, usiku, chini ya balbu, baada ya shughuli zote za siku. Nyuma kuna ndoo, kandambili na mguu wa mtoto. Kitenge chenye rangi ya chungwa kimetoka cha njano mbovu. Chupa ya asali imepigwa kwa flashi, inang'aa doa jeupe katikati, asali yenyewe imekuwa nyeusi kama oili. Halafu zote zina ukungu fulani, na ukungu huo naujua: ni lenzi ina mafuta ya vidole. Dada, mtu anayepika, anayebeba mtoto na anayehesabu chenji kwa simu hiyohiyo, kioo cha kamera hakiwezi kuwa safi. Na kiangazi, na vumbi la barabara! Futa kwa kitambaa laini cha pamba, kona ya khanga iliyofuliwa, kila kabla ya kupiga. Kila kabla. Ni bure, na inabadilisha picha kuliko kuongeza MP 50.

Mwanga ndio mtaji wa picha. Sikia hili watu wa magharibi huku, Ngara, Biharamulo, Karagwe, hata Kigoma: saa zetu ni za nchi nzima lakini jua letu linachelewa. Ngara iko mbali na Dar kuelekea magharibi kiasi kwamba jua linachomoza na kuzama kama nusu saa nyuma ya wenzetu wa Dar. Kwa hiyo ukisoma ushauri wa mtu wa Dar kwamba piga picha saa fulani, sogeza mbele. Jua la utosini huku liko karibu saa saba mchana, sio saa sita. Muda huo liache, vivuli vinakuwa vikali, kikapu nusu kinaungua nusu kinazama gizani. Piga saa tatu asubuhi au saa kumi jioni. Na usiweke bidhaa juani, iweke kivulini penye uwazi: barazani, chini ya upenu, mlangoni ukiwa umeugeuzia mgongo wako nje. Siku ya mawingu, ambazo Kagera hatuna uhaba nazo, hiyo ni studio ya bure, piga hadi uchoke.

Nyuma ya bidhaa weka karatasi ya manila nyeupe, ile wanayotumia walimu. Moja nyuma, nyingine upande wa giza iurudishe mwanga. Asali usiipige kwa flashi hata siku moja. Iweke mwanga utokee nyuma yake au ubavuni, upite ndani ya chupa, utaona rangi ile ya kahawia inayowaka, ile inayomfanya mtu ameze mate. Kitenge kitandaze, halafu piga moja ya mbali kuonyesha ua zima na moja ya karibu kuonyesha uzi na maandishi ya pembeni. Kikapu weka na kitu kinachojulikana ukubwa, chungwa au kikombe, maana malalamiko ya "nilidhani ni kikubwa" yanatoka hapo.

Na vidole vyako uvitoe kwenye kuzumu! Watu hawajui kinachotokea pale. Simu isiyo na lenzi ya kuvuta, ukizumu mara mbili inakata picha na kubakiza robo. MP 13 zinakuwa 3 na kidogo. Ukizumu mara nne zimebaki 0.8. Hapo ndipo MP zako zinapopotelea, sio kwamba hazikuwepo. Sogea kwa miguu. Ukisogea sana hadi simu ishindwe kulenga, rudi nyuma hatua moja, piga, kisha ukate baadaye. Una nukta za ziada za kukata, ndiyo faida ya hizo 13.

Rangi ya kitenge nataka niiseme peke yake kwa sababu hapa ndipo pesa halisi inapotea. Picha iliyopigwa chini ya balbu inadanganya rangi. Mteja wa Mwanza anaagiza chungwa, mzigo unapanda basi, anafungua anakuta nyekundu. Anarudisha. Nauli ya mzigo kwenda ni yako, kurudi ni yako, na kwenye grupu lao ameshaandika kwamba dada wa Ngara anatuma tofauti na picha. Huwezi kuliponya hilo kwa kamera ya MP 108. Kamera ya 108 itampelekea rangi ya uongo ikiwa na nukta nyingi.

Nisije nikaonekana napinga kamera zote. Wapo wanaohitaji nukta nyingi kweli. Anayechapisha mabango makubwa ya kuangaliwa kwa karibu, anayeuza picha zenyewe, anayepiga harusi na anataka kumkata bibi arusi kutoka kwenye picha ya kundi, anayeuza vito au shanga ndogo sana na anataka kukuza kipande. Hao MP 20 hadi 24 za kamera yenye kipokea mwanga kikubwa zitawafaa. Lakini hata hapo nunua kwa sababu ya hicho kipokea mwanga na lenzi, sio kwa sababu ya namba. Kamera ya Canon 600D ya mwaka 2011, iliyotumika, ina MP 18 tu, na eneo linalopokea mwanga ni kubwa mara kumi na zaidi ya la simu nyingi. Ndiyo maana picha yake bado inaheshimika. Ila haina Wi-Fi. Kila picha utoe kadi, utafute kisomaji, uhamishie kwenye simu, ndipo uposti. Kwa mtu anayeposti vitu vitano kwa siku huku anahudumia wateja wa ana kwa ana, nakuhakikishia wiki ya tatu kamera iko kabatini na anapiga kwa simu kama zamani. Na kikoba kinadai.

Na kama simu yako ni ya MP 5, au kamera imepasuka, au ni ile inayotoa picha kama imepigwa ndani ya moshi hata juani baada ya kufuta lenzi, basi badilisha, hapo nakubali. Ukienda dukani usiulize MP ngapi. Omba uipige mwenyewe. Piga gazeti au maandishi madogo ya boksi, kisha kuza uone kama herufi zinasomeka pembeni, sio katikati tu. Piga kona ya giza ya duka bila flashi. Piga mkono wako unaotembea. Piga kitu cha rangi uliyokuja nacho, hata kipande cha kitenge, ulinganishe na kioo. Halafu fungua maelezo ya picha usome namba mbili za ukubwa. Ukiona 4,000 kwa 3,000 au karibu na hapo, umepata MP 12 na inakutosha, boksi liandike litakavyo. Muuzaji akikataa usijaribu, ondoka. Kuna maduka mengine.

Sasa laki tano. Dada, sikujui faida yako, kwa hiyo weka namba zako mwenyewe mahali pa zangu. Kama kikapu kimoja kinakuachia elfu tano baada ya nauli ya basi na kumlipa msukaji, laki tano ya simu ni vikapu mia moja vya kuuza kabla simu haijajilipa. Mia moja. Na hivyo mia ni vya ziada, juu ya vile ambavyo ungeuza hata na simu ya zamani. Kama kwa mwezi unauza kumi na tano, jiulize simu itakuongezea vingapi, na rejesho halisubiri jibu. Wenzako kwenye kikoba wamekudhamini wakijua unaongeza mzigo.

Mimi ningekuwa wewe, kwenye hiyo laki tano ningetoa pesa ya manila mbili, kadi ya kuhifadhia picha kama simu imejaa, na bando la mwezi. Labda na kistendi cha kushikilia simu, kile cha miguu mitatu, kwa sababu mkono ukitetemeka jioni picha inaharibika. Haifiki hata robo. Iliyobaki ninunue mzigo: chupa za asali, vitenge ambavyo wateja waliviulizia ukawa huna. Hivyo vya "niliulizia ukasema vimeisha" ndivyo vya kununua kwanza, mnunuzi yupo tayari.

Kesho asubuhi, saa tatu, toa kikapu kimoja, chupa moja na kitenge kimoja barazani. Futa lenzi, usizumu, piga vitano vitano kila kimoja. Kisha nitumie inboksi kama dokumenti, sio kama picha, ili WhatsApp isizikate na nizione zilivyo. Na wengine mlioko kwenye foleni ya kununua simu kwa sababu ya MP, fungueni picha moja ya jana, someni ukubwa wake kwenye maelezo, mniandikie hapa chini namba mlizoziona na jina la simu. Nataka tuone wangapi mna "64" inayotoa 16.